Hapana ya Mwisho

Mlinzi wa Nyumba ya Umoja alimwomba Sikudhani jina lake, akaliandika kwenye kadi nyeupe kwa mwandiko wa taratibu, kisha akaitia kadi ile kwenye droo iliyojaa kadi nyingine.

"Utalichukua ukitoka," alisema. "Humu ndani unaitwa Nchi Ndogo."

"Na atakayeniita kwa jina langu?"

"Hayupo, mama. Pita."

Akapita. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mrefu, mwenye sauti ya chini, na kabla ya kuteuliwa kuwa mjumbe alikuwa ametoza ushuru mpakani kwa miaka ishirini na miwili. Wenzake wakiulizwa kazi yao walikuwa wakisema wako serikalini, basi, na kugeuza mazungumzo. Yeye alikuwa akijibu waziwazi kwamba anatoza kodi. Hakuona haya. Alikuwa ameshika mifuko ya watu, amefungua masanduku yao, ametukanwa na wanawake wenye vitenge na wanaume wenye malori, na katika yote hayo alikuwa akiamini kwamba kodi ni sentensi ambayo watu wanaambiana wao kwa wao: mimi nitatoa hiki, na wewe utatoa hicho, ili yule tusiyemjua apate mahali pa kuzalia. Aliyekaa mpakani kazi yake ni kuisikiliza sentensi hiyo isikatwe katikati. Lakini sentensi lazima iwe na msemaji, na hilo hakuwahi kulifikiria sana mpaka alipoingia katika nyumba ile.

Nchi zilikuwa saba. Zilikuwa zimeungana zamani, zikaondoa vizuizi kati yao, zikafanya soko moja na ukuta mmoja wa nje. Kila jambo kubwa liliamuliwa kwa kauli moja: saba wakikubali, jambo limepita, mmoja akikataa, jambo limekufa. Hivyo ndivyo Nchi Ndogo, ambayo mtu mwenye miguu mizuri anaivuka kwa siku nne, ilivyokuwa ikikaa meza moja na Nchi Kubwa bila kuinamisha kichwa.

Sasa palikuwa na sheria mpya mezani. Ilisema kwamba kodi zote za nchi saba zitapangwa na Baraza la Umoja, kiwango kimoja kwa kila kitu, kuanzia faida ya kiwanda mpaka kibaba cha unga. Na ilisema kwamba kuanzia siku hiyo uamuzi utakuwa wa walio wengi. Kauli moja ingetumika kwa mara ya mwisho, kuiondoa kauli moja yenyewe.

Katika Nchi Ndogo unga haukuwa ukitozwa. Wakati wa utawala wa wageni, askari walipita nyumba kwa nyumba wakihesabu mawe ya kusagia, kila jiwe na ushuru wake, na mwaka ambao ushuru huo uliongezwa mara mbili wanawake waliyabeba mawe yao vichwani wakaenda kuyatupa bondeni. Askari walifyatua risasi. Watu waliokufa walikuwa wengi kiasi kwamba bonde lile halikulimwa tena. Nchi ilipojitawala, sheria yake ya kwanza ilikuwa ya maneno mawili, *Unga hautozwi*, na chini yake pakaandikwa kwamba hakuna mtawala wala bunge litakaloyafuta maneno hayo isipokuwa watu wenyewe, wakiwa wamesimama uwanjani, wanaonana.

Lakini kulikuwa pia na kiu. Mwaka wa tatu ulikuwa unapita mvua haijanyesha vya kutosha kulowesha paa. Mfereji wa Umoja, uliotoka kwenye ziwa la Nchi Kubwa, ulikuwa umefika mpakani na kusimama hapo, ukibakiza mwendo wa siku moja kufika kwenye visima vilivyokauka. Ungemaliziwa kwa mapato ya kodi mpya. Hapakuwa na hila ndani yake. Kila mtu alielewa hivyo.

Mkuu Shindano, kiongozi wa Nchi Ndogo, alikuwa amemwita Sikudhani ofisini kwake kabla ya safari. Alikuwa mtu mnene aliyekonda ghafla, mashati yake yote yamekuwa ya mtu mwingine.

"Utasema ndiyo," alimwambia.

"Mkuu, sheria ya unga hatuna ruhusa ya kuigusa. Si mimi, si wewe."

"Nimezika watoto kumi na mmoja wiki hii katika tarafa moja. Kuhara. Maji ya madimbwi. Unaniambia habari za ruhusa?" Akajifuta uso. "Sikudhani, mimi sikulazimishi kwa kupenda. Ukisema hapana, usirudi ukidhani nitakutetea."

"Nimekusikia."

"Umenisikia. Lakini umekubali?"

Sikudhani aliinuka akaenda kufunga mizigo, na Mkuu hakurudia swali.

*

Ukumbi wa Baraza ulikuwa na madirisha saba, na kila dirisha lilionyesha hali ya hewa ya nchi yake. Katika moja mvua ilikuwa ikinyesha kwa uvivu. Katika jingine watu walikuwa wakivuna. Katika dirisha la Nchi Ndogo palikuwa na vumbi jekundu lililosimama wima kama mtu anayengoja kuitwa. Wajumbe walikaa wakitazamana, mgongo wa kila mmoja ukielekea dirisha lake, hivyo kila mmoja aliiona nchi ya mwenzake vizuri kuliko ya kwake.

Mjadala ulianza asubuhi. Ni asubuhi ya siku gani, baadaye Sikudhani hakuweza kusema. Waliongea, wakala, wakaongea, na jua la madirisha saba lilichomoza na kutua bila kupatana. Alipokwenda kunawa mikono aliona katika kioo mvi ambazo hakuja nazo. Aliporudi kitini alikuta hoja ni ileile, lakini wajumbe wamebadilika kidogo. Mjumbe wa Nchi ya Milima, aliyeingia akiwa na lafudhi nzito iliyomfurahisha kila mtu, alikuwa sasa akizungumza kama mjumbe wa Nchi Kubwa. Mjumbe wa Nchi ya Mchanga alikohoa kwa kikohozi cha jirani yake. Sura zao zilikuwa zinasogeleana polepole, jinsi mawe ya mtoni yanavyofanana kwa kupitiwa na maji yaleyale. Na mara moja, Sikudhani alipofungua kinywa kutaka kusema kwamba umoja ni jambo jema, alisikia sentensi hiyo ikitoka kwa mjumbe wa upande wa pili, neno kwa neno, kwa sauti yake yeye mwenyewe. Akafunga kinywa. Akaweka mkono kifuani kuhakikisha kwamba kilichokuwa kikidunda kilikuwa chake.

Aliyekuwa akiitetea sheria ni Katibu wa Umoja, bwana mmoja mwembamba aliyeitwa Lwitiko. Yeye peke yake aliruhusiwa kubaki na jina, kwa kuwa hakuwa na nchi. Alizaliwa ndani ya nyumba ile, wazazi wake wakiwa wajumbe wa nchi mbili tofauti. Hakuwa mtu mbaya. Sikudhani angependa sana awe mtu mbaya.

"Mheshimiwa Nchi Ndogo," Lwitiko alisema, "unakumbuka kiwanda cha nguo kilivyofika kwenu?"

"Nakumbuka."

"Kilipoanza, kilikuwa Nchi ya Milima. Kikaiambia Nchi ya Milima: punguzeni kodi, la sivyo tunahama. Wakapunguza. Nchi ya Mchanga ikasema, njooni kwetu, tutapunguza zaidi. Kikahama. Kikahama tena. Miaka tisa, nchi tano. Kilipofika kwenu kodi yake ilikuwa kiasi gani?"

Sikudhani aliitazama mikono yake.

"Ninakuuliza kwa heshima."

"Hakikuwa na kodi," alisema Sikudhani. "Ilisamehewa yote. Hati ya msamaha niliiandika mimi."

 Lwitiko hakufurahia ushindi ule. Aliinamisha kichwa kana kwamba ameuliza habari za msiba.

"Basi kila nchi ilikuwa na mamlaka yake kamili," alisema taratibu. "Hakuna aliyeilazimisha hata moja. Na walimu wa nchi tano hawakulipwa mishahara. Hayo ndiyo mamlaka mnayoyalilia? Uhuru wa kushushana? Mimi nimezaliwa humu. Nimewaona wajumbe wakiingia na bendera, wanatoka na bendera, na tajiri anapita katikati yao bila hata kuinama. Nataka mumkabili mkiwa mmoja. Sina haja nyingine."

Sikudhani aligeuka kutazama dirisha lake.

*

Wakati wa chakula Sikudhani hakwenda kula. Alibaki ukumbini, na hapo ndipo alipokiona kiti cha nane.

Kilikuwa kimewekwa mwisho wa meza, mahali pasipo na dirisha. Bibi mmoja alikuwa amekikalia, amevaa gauni lililokuwa la sherehe zamani, mikono yake imelala mapajani, viganja juu. Wakati wote wa mjadala hakuna aliyemtazama wala kumpa zamu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Wewe ndiye unayesitasita."

"Inaonekana?"

"Wengine hawageuki kutazama dirisha lao. Wewe umegeuka mara tatu."

Sikudhani akavuta kiti. "Bibi ni mjumbe wa nchi gani?"

"Ah." Bibi alitabasamu kwa aibu, kama mtu aliyeulizwa umri. "Ilikuwa na jina zuri. Lilikuwa linaanza na sauti ya kufumba midomo. Lilinitoka zamani."

"Ilivamiwa?"

"Hapana, hata! Hakuna aliyetugusa. Tulisema ndiyo. Ilikuwa ndiyo nzuri, mwanangu, mimi ndiye niliyeitamka, nilikuwa na meno yangu yote. Tulipata barabara. Tulipata taa, zahanati, kila walichoahidi walileta. Walikuwa watu waaminifu."

"Kisha?"

"Kisha hakuna. Hilo ndilo ninalokuambia. Kisha hakuna." Alitazama viganja vyake. "Bunge letu lilikutana mwaka wa kwanza, likakuta hakuna la kuamua, likapongezana. Mwaka wa pili walikuja nusu. Mwaka wa tatu jengo likawa ghala la saruji, kwa sababu saruji ilikuwa ya maana zaidi. Watu walikuwa wazima. Walikula, walioana. Lakini mtu akiona jambo baya alikuwa anasema, wameamua, na ukimwuliza ni nani hao, alikuwa anaonyesha kwa mkono, hivi, juu na mbali. Mkono ule ulienda ukichoka. Siku moja nilirudi nyumbani, dereva akaniuliza unakwenda wapi, nikataja, akasema hajawahi kupasikia."

Mahali fulani mlango ulifungwa. Bibi akamshika Sikudhani mkono. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama kikapu kitupu.

"Kulikuwa na kitu tulichokuwa tukikikataa," alisema kwa kunong'ona. "Kila mwaka. Kwa sauti, watu wote. Nimejaribu kukikumbuka tangu wakati ule. Hata kama kilikuwa cha kipuuzi. Wewe ni msomi, mwanangu. Hukumbuki sisi tulikuwa tunakataa nini?"

Sikudhani alitafuta uongo wa kumpa, akaukosa.

"Sikumbuki, bibi. Nisamehe."

"Haidhuru," alisema bibi, na akaanza kulia bila sauti, kama anayejikumbusha jinsi ya kulia.

*

Nchi ni nini? Sikudhani alijiuliza akitembea katika ujia mrefu wa nyumba ile, ambao kila alipofika mwisho ulimrudisha mwanzo.

Si udongo. Udongo ni uleule ng'ambo ya mpaka. Niliukanyaga kwa miaka ishirini na miwili, mguu huku, mguu kule, na mguu haukujua.

Si watu. Watu wanazaliwa na kufa, na nchi inaendelea kuitwa kwa jina lake.

Si bendera.

Ni kinywa, basi? Mahali ambapo watu wengi wanaweza kusema neno moja na likawa.

Lakini kinywa chenye kiu kinasema nini?

Na kama neno hilo ni hapana, na mtoto anakufa, hiyo hapana ni ya nchi au ni yangu? Nani alinipa watoto wa tarafa ile niwaweke kwenye mizani? Na nikisema ndiyo, nani alinipa wale walioanguka bondeni, niwaambie kwamba walikufa kwa ajili ya jambo ambalo baadaye lilikuja kuamuliwa na watu wengine, mahali pengine, kwa wema?

Kwa wema. Hapo ndipo penye uchungu. Mkoloni alitoza kwa ubaya, na mtu aliweza kumchukia. Huyu atatoza kwa wema. Atatoza pengine vizuri kuliko sisi. Na tutakuwa watoto katika nyumba ya mzazi mwema, milele, hatukui, hatufi.

Alisimama. Aligundua kwamba alikuwa ameegemea ukuta na kwamba ukuta ulikuwa baridi, na kwamba alikuwa anaogopa. Hakuogopa kukosea. Alikuwa amekosea mara nyingi maishani. Hati ile ya kiwanda ilikuwa na saini yake. Aliogopa jambo jingine: kwamba kuna makosa ambayo ukiyafanya unabaki na uwezo wa kuyasahihisha, na kuna makosa ambayo yanauchukua uwezo huo na kuondoka nao. Mtu anaweza kutoa kila alicho nacho na akabaki mtu. Akitoa ulimi, atakapotaka kusema amejuta, atasema kwa kitu gani?

Kengele ikalia.

*

Nchi ziliitwa moja moja. Nchi Kubwa ilisema ndiyo. Nchi ya Milima ndiyo. Nchi ya Mchanga ndiyo. Sita zote zilisema ndiyo kwa sauti moja, na kwa kweli ilikuwa sauti moja, mpaka mwandishi wa kumbukumbu ilibidi ainue macho kuona ni mdomo gani unaotikisika.

"Nchi Ndogo," Lwitiko aliita.

Sikudhani alisimama. "Nina pendekezo kwanza."

"Tunakusikia."

"Ulichosema kuhusu kiwanda ni kweli, nami nilikuwa mmoja wa waliokosea. Basi faida za makampuni tuzitoze pamoja. Kiwango kimoja, nchi zote saba, pasipatikane pa kukimbilia. Hilo nalisaini leo, sasa hivi. Lakini anachokula mtu nyumbani kwake, kila nchi ipange yenyewe. Na kauli moja ibaki."

Kulikuwa na mnong'ono. Sura zilizokuwa zimefanana zilitofautiana kwa sekunde moja; mjumbe wa Nchi ya Milima alirudiwa na lafudhi yake, akasema, "Nasi tungependa nyama..." kisha akanyamaza.

Lwitiko alitikisa kichwa kwa huzuni. "Umemsikia? Nikikupa wewe unga, huyu atataka nyama, yule mafuta ya taa. Sheria itabaki matundu matupu. Na kauli moja ikibaki, kila mwaka mmoja wenu atatushika koo. Nisamehe, Mheshimiwa. Ni yote au si lolote. Mfereji umesimama mpakani kwenu unakungoja. Ndiyo au hapana?"

Sikudhani aligeuka mara ya nne akatazama dirishani. Vumbi lilikuwa palepale. Chini ya vumbi aliona, mbali sana, mstari wa watu wenye madumu ya njano.

"Hapana," alisema.

Hakuna aliyepiga meza wala kupaza sauti. Neno lile lilikaa katikati ya ukumbi kama kitu kilichodondoka ambacho kila mtu anaona haya kukiokota. Mwishoni mwa meza, kwenye kiti cha nane, bibi aliinua uso, midomo yake ikafumbuka, ikafumba, ikafumbuka, kama anayejaribu kuigiza umbo la neno alilolisikia.

Lwitiko alimfuata mpaka mlangoni. Mlinzi alikuwa akitafuta kadi kwenye droo.

"Watu wako watakufa kwa kiu, dada," Katibu alimwambia, na macho yake yalikuwa mekundu. "Kwa ajili ya neno."

"Pengine. Najua."

"Unajua na umesema?"

"Ungekuwa na nchi ningekueleza," alisema Sikudhani, na mara akajuta kulisema hilo, kwa kuwa alimwona Lwitiko akirudi nyuma hatua moja kama aliyepigwa. Alitaka kumwomba radhi. Lakini mlinzi alikuwa ameshamkabidhi jina lake, na mlango umeshafunguka, na nje palikuwa na jua moja tu.

*

Nyumbani walisema hakuwepo kwa siku tisa. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote.

Mkuu Shindano alimfuta kazi kwa barua ya mistari miwili na hakumpokea ofisini. Sikudhani alirudi kwenye nyumba yake, ya tatu kutoka kisima cha mtaa, akapanga foleni ya maji kama kila mtu. Foleni ilianza alfajiri. Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa afadhali. Walimwachia nafasi mbele na nyuma, hatua mbili kila upande, kama mtu mwenye ugonjwa. Aliyesogea karibu ni Mashavu peke yake, mjane aliyekuwa akiuza vitumbua, mwenye watoto wanne, na alisogea ili amwambie, "Wa mwisho anaharisha tangu jana. Nilitaka ujue."

"Nimejua," Sikudhani alisema. Alimpa Mashavu maji yake ya zamu ile. Mashavu aliyapokea bila kushukuru, na ilikuwa haki yake. Mtoto alipona. Wa jirani ya pili hakupona, na Sikudhani alikwenda mazishini akakaa mwisho wa mkeka, hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemsogezea mto.

Mwezi wa pili tangu arudi ilikuja barua kutoka kwa Lwitiko. *Mfereji ulichimbwa kwa jasho la nchi saba kabla ya mzozo huu,* aliandika. *Maji yaliyofika mpakani ni yenu pia, na maadamu mimi ni Katibu hayatafungwa. Lakini sehemu iliyobaki hatuna cha kuijengea. Bado naamini umekosea.* Sikudhani aliisoma mara mbili, akaipeleka bungeni, akaiacha kwa karani.

Bunge likakaa siku sita. Lilipekua kila kapu la nchi: likatoza magari ya wabunge wenyewe, likatoza sigara, likatoza kiwanda cha nguo, nacho kikahama wiki hiyohiyo. Havikutosha. Mwisho wake kilibaki kitu kimoja ambacho kila nyumba ilikuwa nacho, na bunge halikuwa na ruhusa ya kukigusa. Wakaita watu uwanjani.

Walikuja mchana kweupe, wengi kuliko siku ya uhuru, vikongwe wakiwa mgongoni mwa wajukuu. Mkuu Shindano alisimama juu ya meza, shati likimpwaya, akaeleza: kodi ya kibaba kimoja kwa kila debe la unga, kwa miaka miwili, mpaka mfereji ufike. Baada ya hapo watu watakutana tena hapohapo, waifute au waiendeleze. Wanaokubali wasimame upande wa jua. Wanaokataa upande wa kivuli.

Sikudhani aliomba kusema. Mkuu akashuka mezani akampisha.

"Mimi nitasimama upande wa jua," alisema.

Kelele ziliruka. Mzee mmoja akapaza sauti: "Si hiihii uliyoikataa kule?"

"Ni hiihii, baba."

"Unga uleule?"

"Uleule."

"Watoto wamezikwa kati ya siku ile na leo! Tofauti iko wapi?"

Alikuwa na maneno mengi aliyokuwa ameyatafuta katika ujia ule usio na mwisho, kuhusu ulimi na kinywa na sentensi na msemaji. Aliyatazama maneno hayo na yakaonekana madogo mbele ya mzee yule, ambaye kitambaa cha msiba kilikuwa bado kimefungwa mkononi mwake.

"Ingeamuliwa kule, ungekuja kuniuliza swali hili," alisema, "usingenikuta."

Akashuka, akatembea kwenda upande wa jua. Kwa muda alikuwa peke yake huko, kivuli chake kifupi miguuni. Halafu walianza kuja, mmoja, wawili, mwanamke mwenye mtoto mgongoni, kundi la mafundi, mwalimu na wanafunzi wake wa zamani. Hawakuja kwa furaha. Walikuja wakitazama chini, wengine wakilia, kwa kuwa walikuwa wanavuka juu ya wale wa bondeni na kila mmoja alijua anapokanyaga. Watu walihesabiwa mara tatu. Upande wa jua ulizidi kwa mia moja na sita.

Mashavu alikuwa amebaki kivulini. Matokeo yaliposomwa alivuka uwanja moja kwa moja mpaka alipo Sikudhani, sinia lake la vitumbua kichwani, uso umemvimba kwa hasira.

"Vitumbua vyangu ni unga," alisema. "Kibaba hicho ni chakula cha mtoto wangu mmoja. Bibi yangu yumo bondeni mle. Mkoloni nilikuwa namlaani. Umoja ningeulaani. Leo nimlaumu nani, dada Siku? Niambie! Nimlaumu nani?"

"Mimi," alisema Sikudhani. "Nakaa nyumba ya tatu kutoka kisimani. Mlango wangu una rangi ya kijani. Njoo siku yoyote."

Mashavu alimtazama kama anayepima iwapo ni dhihaka. Kisha akageuka akaondoka.

Alikuja kesho yake asubuhi, chai haijachemka. Aligomba akiwa amesimama mpaka jua likapanda, Sikudhani akimjibu neno kwa neno, na majirani wakatoka wakaketi barazani, na mmoja baada ya mwingine wakaanza kusema walichokuwa nacho moyoni.